Jinsi ya kuacha kuwakalia kooni wafanyakazi wako ili biashara ipate kukua

Lalamiko ninalolisikia sana kwa wenye biashara ni kwamba wafanyakazi hawajiongezi. Mpaka umwambie, mpaka usimame pale pale, ukitoka kidogo tu mambo yamelala. Na mara nyingi ni kweli hawajiongezi, hilo sibishi, ila ukikaa pembeni na huyo huyo mfanyakazi anakupa upande wa pili, kwamba alijiongeza mara ya kwanza akagombezwa mbona hujaniuliza, akajiongeza tena kazi yake ikafumuliwa yote ikafanywa upya mbele za watu, baada ya hapo akaona bora asubiri aambiwe maana mshahara ni ule ule. Mtu huyo si mvivu wala si mjinga, amejifunza tu kitu gani kinamletea matatizo.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa ajili yako wewe bosi, mwenye duka, mwenye karakana, meneja wa idara, yeyote mwenye watu chini yake na anayehisi lazima kila kitu kipite mikononi mwake. Nitaanza na hasara ilipo kwa sababu wengi wanadhani hasara ni watu kununa tu, halafu tuingie kwenye namna ya kutoka huko bila biashara kuibiwa wala kazi kuharibika, maana najua hofu kubwa iko hapo.

Hasara yenyewe iko kwenye foleni

Kila oda lazima uione, kila meseji kwa mteja uisome kwanza, kila punguzo la bei waje kwako, hata maneno ya tangazo ubadilishe mwenyewe. Maana yake biashara nzima inapanga foleni mbele ya kichwa kimoja, na foleni zina hesabu zake. Aliyeziasisi ni Agner Krarup Erlang wa Denmaki, alikuwa anafanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen na andiko lake la kwanza kuhusu mambo haya ni la mwaka 1909. Tuchukue mfano rahisi kabisa, mambo yanakuja muda wowote bila mpangilio, mengine mafupi mengine marefu bila kutabirika, na anayeyahudumia ni mtu mmoja. Huyo mtu akiwa bize asilimia 50 ya muda wake, jambo jipya linasubiri kwa wastani muda sawa na ule wa kulishughulikia. Akiwa bize asilimia 80 linasubiri mara 4. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19.

Weka hiyo kwenye siku yako. Kama uamuzi mmoja unakuchukua wastani wa dakika 10, ukiwa bize asilimia 90 mtu anayekuja kwako anasubiri kwa wastani dakika 90 kabla hujamgusa, na ukifika asilimia 95 anasubiri zaidi ya saa 3, kwa jambo la dakika 10! Na kutoka 90 kwenda 95 wala huhisi, ni mteja mmoja mkubwa tu umeongeza. Ndiyo maana biashara ya namna hii inakwenda vizuri muda mrefu, halafu ghafla kila kitu kinachelewa na wateja wanaanza kulalamika, na bosi akiona hivyo anazidi kubana, yaani anaongeza foleni pale pale ilipokwama.

Kuna hesabu nyingine ya zamani kidogo ila inafaa, ya mshauri wa uongozi aliyeitwa V. A. Graicunas, mwaka 1933. Alihesabu mahusiano yote ambayo kiongozi anaweza kujikuta anayashika, yeye na mtu mmoja mmoja, yeye na makundi, na wao kwa wao. Ukiwa na watu 4 unapata mahusiano 44, ukiongeza mtu mmoja tu yanafika 100, wakiwa 6 ni 222. Sio kwamba yote hayo yanatokea kila siku, lakini inaonyesha kwa nini mbinu iliyofanya kazi vizuri ulipokuwa na wasaidizi wawili inakuua ukiwa nao saba. Wewe hujabadilika wala hujawa mvivu, kazi ndiyo imekua kwa kasi ambayo kichwa kimoja hakiwezi kuikimbiza.

Halafu kuna watu wenyewe. Wanaoondoka kwanza ni wale wazuri kwa sababu wana pa kwenda, wanaobaki ni waliozoea kusubiri, na baada ya miaka miwili mitatu hivi unakuwa kweli una timu isiyojiongeza. Afya pia inaguswa, hili watu hawalichukulii serious kabisa. Uingereza walianza mwaka 1985 kufuatilia afya za watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 wa ofisi za London, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 yalionyesha kwamba wale wasio na sauti juu ya kazi zao, hawaamui waifanye vipi wala lini, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo. Kumnyima mtu nafasi ya kuamua hata kidogo kuna gharama anayokwenda nayo nyumbani.

Anza kwa kuandika, usianze kwa kuachia

Wengi wakishaelewa haya wanahamasika, kesho yake wanaitisha kikao wanatangaza kuanzia leo kila mtu ajitegemee, wiki haijaisha kuna oda imeharibika wanarudi kule kule na safari hii kwa hasira. Usifanye hivyo. Wiki nzima tembea na daftari, au andika kwenye simu, kila mtu akikuuliza kitu andika, na kila ukiingilia kazi ya mtu bila kuulizwa andika pia, hii ya pili inauma kuiandika kwa hiyo kuwa mkweli. Nani, kuhusu nini, ulijibu nini. Inatosha.

Mwisho wa wiki pitia hiyo orodha. Maswali yanayojirudia na jibu lako ni lile lile kila siku, hayo hayahitaji bosi, yanahitaji utaratibu ambao hujauandika. Uandike kwa mstari mmoja au miwili, ubandike wanapouona, hapo umeshapunguza sehemu nzuri tu ya foleni bila kumkabidhi mtu chochote cha hatari.

Yanayobaki yapime kwa swali moja, hili likiharibika linarekebishika? Jeff Bezos kwenye barua yake kwa wanahisa wa Amazon ya mwaka 2015 alitenganisha maamuzi kwa namna hiyo, kuna ambayo ni mlango ukishaupita huwezi kurudi, na kuna ambayo ni mlango ukiona ndani hapafai unarudi ulikotoka. Alisema kampuni zikikua zinajikuta zinatumia ule utaratibu mzito wa maamuzi makubwa hata kwa vitu vidogo, na matokeo yake ni kuchelewa kila mahali. Kusaini mkataba wa miaka mitano, kukopa, kumwachisha mtu kazi, kitu chochote kinachogusa usalama wa watu, hayo baki nayo wala usione aibu. Ratiba ya zamu, maneno ya tangazo, vifaa vya ofisi vinunuliwe wapi, mteja aliyeletewa saizi isiyo yake ajibiwe vipi, hayo yote ni mlango wa kurudi, mpe mtu.

Mpaka wa kuamua uwe na namba

Kumwambia mtu "tumia busara" ni kumtega. Busara yako na yake hazifanani, na atajua alikosea siku utakapomfokea. Mpe namba. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa hili, mfanyakazi ana ruhusa ya kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo lake bila kuomba kibali kwa mkubwa. Yako haitafika huko na haina haja, cha msingi ni namba kuwepo na kila mtu kuijua. Namna ya kuipata, jiulize ni kiasi gani kikipotea kwa makosa mara moja kwa wiki biashara haitatikisika, anza na nusu ya hicho. Chini ya hapo anaamua mwenyewe na anaandika kwenye kitabu kwamba aliamua nini na kwa nini. Juu ya hapo anakuja kwako. Baada ya miezi michache ukiona anaamua vizuri ipandishe hiyo namba.

Mpaka si lazima uwe wa hela. Punguzo lisizidi asilimia fulani, mteja asisubiri jibu zaidi ya saa fulani, mzigo usitoke bila kuhesabiwa na watu wawili. Ndani ya mipaka hiyo muache, na ukimuona anafanya kwa njia ambayo wewe usingeifanya lakini matokeo yanatoka, nyamaza. Najua kunyamaza hapo ni kugumu kuliko vyote.

Na wizi je?

Wengi wanakalia watu kooni kwa sababu walishaibiwa au wanaogopa kuibiwa, na hofu hiyo ina msingi, sitaki kuipuuza. Lakini macho ya bosi ni kinga dhaifu sana, bosi anayetazama kila kitu anachoka na anayetaka kuiba anajua kabisa saa unazochoka. Kinga ni kugawa kazi ili hakuna mtu mmoja anayeshika mnyororo mzima. Anayepokea hela asiwe ndiye anayeandika vitabu. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea na kuuhakiki. Malipo makubwa yawe na sahihi mbili. Stoo ihesabiwe kwa kushtukiza, siku ambayo hakuna anayeijua, na taarifa ya benki ilinganishwe na vitabu kila mwezi na mtu ambaye hagusi hela. Na likizo, hii wengi hawaijui, mabenki mengi yanalazimisha mfanyakazi aende likizo siku mfululizo na mwingine akalie kiti chake, kwa sababu ulaji mwingi unahitaji mhusika awepo kila siku kuuficha.

Uzuri wa mfumo wa hivyo unafanya kazi hata ukiwa umelala, na haumdhalilishi mtu maana unamhusu kila mmoja hata ndugu yako uliyemweka hapo. Ukishauweka utashangaa ni vitu vingapi ulikuwa unaviangalia kwa sababu ya hofu ya hela tu, na hela sasa inalindwa na kitu kingine.

Namna ya kukabidhi kazi

Makosa mengi ninayoyaona hayako kwenye kukagua, yako mwanzoni kabisa kwenye kukabidhi. Bosi anasema "shughulikia lile suala la wateja waliokaa kimya", halafu kila baada ya saa moja anapita, umefika wapi, umewapigia, mbona umeanza na huyu. Anapita kwa sababu yeye mwenyewe hakusema anataka nini, kwa hiyo lazima aone ndo ajue.

Jaribu hivi: "Naomba kufikia Ijumaa saa kumi jioni nipate orodha ya wateja 20 ambao hawajanunua kwa miezi mitatu, kila mmoja umeshaongea naye na sababu yake umeiandika. Punguzo mwisho asilimia 5. Wakilalamika kuhusu mtu wa humu ndani usiahidi kitu, niletee. Jumatano nipe dakika kumi uniambie unaendeleaje." Matokeo yapo, siku ipo, mpaka upo, na siku ya kuulizana ipo kwa hiyo Jumanne huna sababu ya kupita mezani kwake. Njia ya kufika umemwachia. Kabla hajaondoka mwambie akueleze kwa maneno yake ameelewa nini na ataanzaje, hapo ndipo utagundua kama mnaongea kitu kimoja, dakika tano hizo zinaokoa siku mbili za kufumua kazi.

Sasa si kila mtu unampa uhuru ule ule. Andy Grove aliyeongoza Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, alifundisha kwamba namna ya kumsimamia mtu itegemee uzoefu wake kwenye kazi ile ile unayompa, sio uzoefu wake kwa ujumla. Muuzaji wako wa miaka kumi ukimpa leo kazi ya kuandaa bajeti, kwenye bajeti ni mgeni kabisa, kumkalia karibu wiki za kwanza ni kumsaidia. Mimi naona ngazi ziko nne tu. Kuna kuniuliza kwanza kisha ufanye. Kuna kuniambia unachotaka kufanya, nisipokukataza mpaka jioni endelea. Kuna kufanya halafu unipe taarifa. Na kuna kufanya tu, sihitaji kujua. Kwa kila kazi na kila mtu taja ngazi kwa mdomo, asibahatishe, na ukimpandisha mwambie nimekupandisha. Watu wengi wanabaki ngazi ya kwanza miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia wametoka hapo.

Akija na swali

Usijibu haraka. Hata kama jibu unalo mdomoni. Muulize "wewe unaonaje?" halafu kaa kimya kweli, sio kimya cha sekunde mbili. Mara za mwanzo atasema sijui bosi, mwambie nenda kafikirie uje na njia mbili na ile unayoipendelea. Atakuona unamzungusha, vumilia. Akija na njia ambayo inafaa kwa asilimia 80 hivi, ichukue kama ilivyo, usiongeze kale kamkia kako "ila ungefanya pia hivi na hivi", kwa sababu ukishaongeza wazo linakuwa lako na yeye anarudi kuwa mtekelezaji. Sema nenda kafanye.

Na kazi ikishaletwa, rekebisha tu kinachogusa mteja, hela, sheria au usalama. Fonti ya ripoti, mpangilio wa sentensi, "mimi ningeanza na hili", viache vipite. Kuna mabosi wanachukua kazi ya mtu usiku wanaifanya upya nzima na asubuhi wanaituma bila kumwambia mhusika. Hiyo inaumiza kuliko kufokewa, maana mtu anaona hata kufundishwa hastahili. Kama haijafaa mrudishie, mwonyeshe wapi, aimalize mwenyewe.

Kwa wanaofanyia kazi nyumbani, zile programu za kupiga picha skrini ya mtu kila dakika kadhaa na kuhesabu mausi imesogea mara ngapi zinakupa namba za mwendo wa mausi, hazikupi kazi. Pima kilicholetwa na kama kimeletwa kwa wakati, basi.

Siku ya kosa

Kosa litatokea, hilo pangia kabisa, na siku hiyo ndiyo inayoamua kama haya yote yatabaki. Watu wote watakuwa wanakuangalia wewe na sio aliyekosea, wanataka kujua kama ulimaanisha. Ukimnyang'anya kila kitu pale pale, umewafundisha wote kwamba kuamua ni hatari na kosa linalofuata litafichwa.

Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi wa laini akiona tatizo ana kamba ya kuvuta, kiongozi wa timu anakuja palepale wasaidiane, na lisipotatuka haraka laini inasimama. Mtu wa chini kabisa anaweza kusimamisha uzalishaji wa magari! Wanafanya hivyo kwa sababu tatizo lililoonekana mapema ni rahisi kuliko lililopita mpaka kwa mteja. Kwa hiyo anayekuja kukwambia "bosi nimeharibu" mshukuru kwanza, halafu kaeni muulizane alikuwa anaona nini wakati anaamua, taarifa gani hakuwa nayo, mpaka upi haukuwa wazi. Rekebisha utaratibu. Akirudia kosa lile lile baada ya hapo mshushe ngazi moja kwenye kazi hiyo tu, sio kwenye zote, na mwambie atapandaje tena. Aliyedanganya au kuiba ni habari nyingine kabisa, huyo si wa kufundishwa, fuata sheria za kazi.

Kukagua kupo, ila kwa ratiba

Hakuna aliyesema usikague. Badala ya kupitia risiti zote 200, chukua 10 bila kuchagua uzipitie vizuri mpaka chini, ukikuta shida ndipo uongeze. Kila wiki kaa na kila mtu wako dakika 30 saa ile ile, yeye ndiye aanze kuongea, na maswali yako yasiyo ya dharura yakusanye yasubiri hapo badala ya kumtumia meseji saa tatu usiku. Chagua namba tatu au nne zinazokuambia biashara iko hai, mauzo, wanaodaiwa, oda zilizochelewa, malalamiko, ziwe mahali kila mtu anaziona. Bosi anayeziona hizo kila asubuhi ana haja ndogo sana ya kusimama nyuma ya mgongo wa mtu.

Na wewe mfanyakazi mwenye bosi wa hivi, nina moja tu la kukwambia, mpe taarifa kabla hajauliza. Anakuja kwa sababu hajui. Meseji fupi asubuhi, leo nafanya hili na hili, jioni nimemaliza hili na lile limekwama kwa sababu hii, kwa wengi inapunguza ujio wake zaidi kuliko kununa.

Ukishafika miezi mitatu hivi ya kufanya haya, ondoka. Siku mbili za kazi, simu ya ofisi iache kwa mtu, andika vitu vitatu tu ambavyo ndivyo vinaruhusu kukupigia, mfano moto, mtu kuumia, au benki kuzuia akaunti. Ukirudi usiulize nani alifanya nini vibaya, omba orodha mbili: maamuzi waliyofanya wenyewe, na mambo waliyoyaacha yakusubiri. Orodha ya kwanza isome, wapongeze, usiibadilishe. Ya pili keti nayo na kalamu, kila jambo lililokusubiri andika mbele yake jina la mtu, mpaka wake na ngazi yake, na Jumatatu uwakabidhi.